Kihispania Kisitutishe: -e Yetu Ndiyo Ufunguo



Naomba unipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana bwenini na maktabani. Wapo wenzetu wasemao kwamba lugha za Ulaya, na hasa Kihispania, zina vitenzi vikaidi ambavyo mtu wa huku kwetu Nyanda za Juu hawezi kuvishika hata akikesha. Wasema kwamba iko hali moja ya vitenzi hivyo, ile itumikayo kwa kutaka, kuomba na kukataza, ambayo huwatoa jasho hata wasomi. Mimi nasema sivyo. Mtoto yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili anayo hali hiyo mdomoni tangu alipoanza kuomba uji. Taabu yetu ni kwamba hatukufundishwa kuitambua, basi tukikutana nayo katika lugha ya watu twadhani ni mnyama mpya.

Wasomaji watazame sentensi yangu ya kwanza. Nimesema "unipe" na "nitoe". Sikusema "unanipa", wala "natoa". Nafasi ile ilikuwa bado sijapewa. Nilikuwa naitaka tu. Kwa sababu hiyo kitenzi kiliacha -a yake ya mwisho kikachukua -e, wala hakikuchukua alama yoyote ya wakati. Wako wanasarufi waiitao dhamira tegemezi. Mimi hapa nitaiita hali ya -e, maana jina hilo kila mtu atalielewa.

Hali hii twaitumia kutwa kucha. Hutumika baada ya "lazima", "afadhali", "sharti" na "ili". Mwanafunzi akitaka ruhusa husema, "Mwalimu, naomba nitoke." Mama akimtuma mtoto husema, "Mwambie baba yako aje ale." Mithali zetu zimejaa hali hii: mtaka cha mvunguni sharti ainame, usiache mbachao kwa msala upitao, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wala si Kiswahili peke yake. Mnyakyusa wa Rungwe akitaka kusema "twende" husema "tubuke", na -e hiyo iko pale pale mwishoni. Lugha nyingi za Kibantu zinayo. Basi wengi wetu tuliletwa shuleni tukiwa na -e mbili, moja ya nyumbani na moja ya Kiswahili.

Sasa twende Hispania. Kitenzi "hablar" maana yake ni kusema (herufi h haitamkwi). Mhispania akitaka kuarifu kwamba mtu asema, husema "habla". Akitaka mtu huyo aseme, husema "hable". Tazameni wenyewe: -a imekuwa -e, kama vile "asema" inavyokuwa "aseme". Sisemi kwamba lugha hizi mbili ni ndugu. Kiswahili ni cha Kibantu, na Kihispania kimetoka katika Kilatini. Zimekutana kwa bahati tu. Lakini mtu mwenye busara hakatai bahati. Kundi hili la vitenzi viishiavyo na -ar ndilo kubwa kuliko yote katika Kihispania, na kanuni yake ni hiyo tuliyozaliwa nayo. Makundi mengine mawili, yaishiayo na -er na -ir, hugeuza kinyume chake. "Come" ni ala. "Coma" ni ale. "Vive" ni aishi. "Viva" ni aishi pia, kwa maana ya kumtakia maisha. Neno hili "viva" wengi wamelisikia katika mikutano. Basi wajue kwamba walipokuwa wakiitikia, walikuwa wakitumia hali ile ile waiogopayo.

Jambo linalonishangaza zaidi ni amri na makatazo. Sisi tukimwamuru mtu mmoja husema "sema!" Hapo hakuna -e. Lakini tukimkataza husema "usiseme", na -e yaja mara moja. Mhispania akimwamuru rafiki yake husema "habla!" Akimkataza husema "no hables", na -e yake yaja vile vile. Tuendelee. "Kula!" kwao ni "come", "usile" ni "no comas". "Njoo!" ni "ven", "usije" ni "no vengas". "Nenda!" ni "ve", "usiende" ni "no vayas". Wasomaji wataona kwamba "njoo" na "nenda" ni amri kaidi kwetu, kwa kuwa "njoo" haifanani na kuja, na "nenda" imejiongezea n ambayo haikuwamo katika kwenda. Na kwa Mhispania pia "ven" na "ve" ni amri kaidi. Halafu katika kukataza, lugha zote mbili huziacha amri hizo kaidi na kurudi katika hali ya kutaka. Mswahili na Mhispania wangeweza kufundishana jambo hili kwa dakika tano chini ya mti.

Kiingereza hakiwezi kutufundisha jambo hili kwa urahisi. Nakiheshimu, nacho ndicho lugha ya vitabu vyetu vya sekondari. Lakini Kiingereza kimepoteza sehemu kubwa ya hali hii tangu zamani. Yamebaki mabaki tu katika sala na katika maneno ya mahakamani. Mwingereza akikataza hutumia umbo lile lile la kitenzi alilotumia kuamuru. Ndiyo maana vitabu vya Kihispania vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza hutumia kurasa nyingi kueleza shaka, matakwa na mambo yasiyotendeka bado, kana kwamba ni falsafa nzito. Mswahili akisoma kurasa hizo huogopa bure, kwa kuwa amepewa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Wenzangu watasema, "Sawa, lakini ukaidi je? Vitenzi visivyofuata kanuni?" Naam, vipo. Lakini ukaidi nao una sheria zake, na sheria hizo tukizijua mzigo hupungua sana.

Sheria ya kwanza ni ya nafsi ya kwanza. Mtu huona "tener", kuwa na kitu, kisha huona "tenga", akasema hapa hapana kanuni. Kanuni ipo. Mhispania asemapo "mimi nina" husema "tengo". Ondoa -o, weka -a, utapata "tenga". Vivyo hivyo "hacer", kufanya: "hago", kisha "haga". "Decir", kuambia: "digo", kisha "diga". "Venir", kuja: "vengo", kisha "venga". "Poner", kuweka: "pongo", kisha "ponga". Kwa njia hii vitenzi vingi vionekanavyo kuwa vikaidi hutii.

Sheria ya pili ni ya mkazo wa sauti. "Poder", kuweza, hutoa "pueda", niweze, lakini "podamos", tuweze. Kwa nini sauti ya kwanza iwe "ue" na ya pili iwe "o"? Kwa sababu katika "pueda" mkazo umeangukia shina, na shina likilemewa na mkazo sauti yake hupasuka ikawa mbili. Katika "podamos" mkazo umesogea mbele, shina limepumzika. Jambo hili si geni kwetu. Twasema "anakula" lakini twasema "ale". Kile "ku" kimekwenda wapi? Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- havikubali kubeba mkazo, basi "ku" huitwa kuja kuubeba: a-na-KU-la. Lakini katika "ale" mkazo huangukia A, nayo yaweza kuubeba. Katika "asile" huangukia SI, nayo yaweza pia. Basi "ku" haina kazi, huenda zake. Hivyo ndivyo ilivyo kwa anywe, aje, afe na awe. Wahispania hupasua sauti na sisi huongeza silabi, na sababu ya pande zote mbili ni mkazo.

Baada ya sheria hizi mbili, wale wakaidi wa kweli wanaobaki ni sita: "ser" na "estar", ambavyo vyote ni kuwa; "ir", kwenda; "haber", kitenzi kisaidizi; "saber", kujua; na "dar", kutoa. Katika hali ya kutaka huwa "sea", "esté", "vaya", "haya", "sepa" na "dé". Hata hawa sita wana alama yao kama ng'ombe wa zizi moja: nafsi yao ya kwanza haiishii kwa -o tupu kama ya wenzao. Husema "soy", "estoy", "voy", "he", "sé" na "doy". Basi mtu akikuta kitenzi, na aulize kwanza nafsi ya kwanza yaishiaje. Mwanafunzi aliyekwisha kariri fomula za fizikia hawezi kushindwa na maneno sita.

Ningependa wenzangu wajue pia kwamba sisi tunao wakaidi wetu, na mgeni akija kujifunza Kiswahili hulia kama sisi tuliavyo. Vitenzi vilivyotoka katika Kiarabu havichukui -e. Twasema ajibu, asafiri, asamehe, arudi, tusidharau, tusisahau. Kwa hiyo gazeti likiandika kichwa cha habari "Waziri arudi Dodoma", msomaji hawezi kujua mara moja: je, waziri amerudi, au yuko mtu ataka arudi? Kama lingeandika "Waziri asoma" au "Waziri asome", pasingekuwa na shaka. Wazee wetu waliitikia katika mikutano ya Chama, "Zidumu fikra za Mwenyekiti!" Hiyo "zidumu" ni hali ya kutaka, ingawa haina -e, kwa kuwa kudumu ni neno la mkopo. Ndiyo "viva" yetu.

Na hapa bahari mbili zakutana. Waarabu na Waislamu wengine walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi 1492, nao waliacha maneno mengi huko. Sukari yetu na "azúcar" yao zimetoka kisima kimoja cha Kiarabu. Mhispania akitamani jambo husema "ojalá", neno lililotokana na Kiarabu lenye maana ya Mungu akipenda, na baada yake kitenzi huwa katika hali ile ile: "ojalá venga", Mungu ajalie aje. Mtu wa Pwani yetu akisikia "ojalá" atakumbuka inshallah yake.

Najua yatakuja mapingamizi. La kwanza: Kihispania kitatufaa nini hapa Iyunga, nacho hata si somo la mtihani wetu wa kidato cha nne? Najibu kwamba ni lugha ya taifa au ya serikali katika nchi 20, na mojawapo iko hapa hapa Afrika, yaani Guinea ya Ikweta. Ni lugha mojawapo kati ya sita za Umoja wa Mataifa, tena ni mojawapo ya lugha za Umoja wa Afrika. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Watatakiwa watu wa kufasiri kati ya lugha hizi, na si vizuri kazi hiyo ifanywe kwa kuzungukia Kiingereza. Watalii wa Kihispania nao huja kuona wanyama wetu, na kijana awezaye kuwaongoza kwa lugha yao hakosi kazi. Hata katika historia, Kihispania kimepita njia zetu. Mwaka 1965 Che Guevara na wenzake kutoka Cuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kongo. Walijipa majina ya Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, naye Che mwenyewe aliitwa Tatu. Wao waliona lazima wajifunze lugha yetu. Kwa nini sisi tuone muhali kujifunza yao? Tena nilisemalo juu ya Kihispania ni kweli pia juu ya Kifaransa, ambacho hufundishwa katika baadhi ya shule zetu na kina hali kama hiyo.

Pingamizi la pili: lugha ya kigeni ifundishwe kwa lugha hiyo hiyo, maana kuchanganya huleta uvivu. Maneno haya yana ukweli kwa upande wa kuzungumza. Mtu hajui kuogelea mpaka aingie majini. Lakini kueleza kanuni ni jambo jingine. Dakika tatu za Kiswahili zaweza kuokoa juma zima la kukisia. Zipo shule ambako mwanafunzi akisikika akisema Kiswahili huvishwa kibao shingoni kama mwizi wa kuku. Mtoto aliyefundishwa kuionea haya lugha yake hawezi kuichungulia ili aone iliyo nayo, na asipoichungulia atakuwa akijenga kila lugha mpya juu ya mchanga.

Pingamizi la tatu ni la haki, nami nalikubali nusu. Ufunguo huu haufungui vyumba vyote. Mhispania husema "cuando venga", nasi husema "atakapokuja". Husema "no creo que venga", nasi husema "sidhani kama atakuja". Hapo yeye ametumia hali ya kutaka nasi hatukuitumia. Mwanafunzi atalazimika kujifunza mahali hapo kwa bidii yake. Lakini ajifunze tofauti hizo akiwa amekwisha ingia ndani ya nyumba, asizipigie kelele akiwa bado nje ya uzio.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wetu wa Kiswahili, ambao twawashukuru sana, watenge vipindi viwili vitatu kwa ajili ya hali ya -e peke yake, na watueleze sababu za ukaidi badala ya kutupa orodha tukariri. Sarufi ya kwanza ya Kihispania iliyochapwa iliandikwa mwaka 1492 na Mhispania, Antonio de Nebrija, juu ya lugha yake mwenyewe. Sarufi ya Kiswahili ya Krapf ya mwaka 1850, na ile ya Ashton ya mwaka 1944, ziliandikwa na wageni kwa Kiingereza. Wataalamu wetu wamekwisha andika za Kiswahili, kama ile ya Kapinga ya mwaka 1983, lakini ni wangapi kati yetu wamezifungua?

Pili, sisi wanafunzi tuangalie usemi wetu. Siku hizi husikika "uwage unakuja mapema" na "muwage mnasikia". Kiishio hicho cha -ga kina heshima yake katika lugha za nyumbani zilizokizaa, lakini katika Kiswahili sanifu "uwe ukija mapema" yatosha, na -e ibaki mahali pake. Tukiiacha -e yetu ipotee midomoni, tutakuwa tumeutupa ufunguo kabla ya kufika mlangoni.

Tatu, wazazi wetu watusemeshe lugha za nyumbani tukiwa likizoni, ziwe Kisafwa, Kinyakyusa, Kinyiha, Kihehe au Kibena, wasidhani kwamba zitatuharibia Kiingereza. Mtoto mwenye lugha mbili ameona tayari kwamba wazo moja laweza kuvaa nguo mbili. Ya tatu na ya nne hazimtishi.

Mtu akikwambia tena kwamba vitenzi vikaidi vya Kihispania haviwezekani, mwombe aseme kwa Kiswahili maneno haya: kula, usile, njoo, usije, nenda, usiende. Akiyasema pasipo kujikwaa, mwambie kwamba amekwisha faulu sehemu ya kwanza ya somo. Zilizobaki ni bidii na daftari.



Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Iyunga, Mbeya.